Rejesta haimjui aliyefia nyumbani

Tuseme umeombwa uandike kuhusu malaria. Labda ni kazi ya chuo, labda ni makala fupi ya mtandaoni, labda shangazi yako amekutumia ujumbe kwenye WhatsApp na anataka umwambie kama ni kweli. Unashika simu, unatafuta, na ndani ya dakika kumi una takwimu sita ambazo zote zinaonekana safi. Moja ina asilimia, nyingine ina jina la profesa, nyingine ina nembo ya shirika kubwa. Utachagua ipi?

Ushauri wa kawaida ni "tumia vyanzo vinavyoaminika". Sawa, lakini vinaaminika kwa lipi? Hospitali ni chanzo kinachoaminika, na bado unaweza kuichukua takwimu yake halali kabisa ukaandika uongo mtupu. Ili uone hilo linatokeaje, naomba nikupeleke Rufiji. Kule, miaka ya 1990, swali la "nani alihesabu, na alihesabia wapi" lilibadilisha namna dawa na pesa zilivyogawanywa, na pia lilibadilisha nani alaumiwe mtoto anapokufa.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi, ukipita Kibiti na Ikwiriri, unafika mto Rufiji, na ng'ambo yake ndiko Ndundu. Kwa miaka mingi hapakuwa na daraja hapo. Watu na magari walivuka kwa pantoni, na mto ukijaa au pantoni ikiharibika, mnasubiri tu. Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003.

Sasa fikiria mtoto aliyeshikwa na homa usiku wa masika, tuseme mwaka 1995, wazazi wake wakiwa kwenye dungu. (Kwa asiyejua, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, bondeni, ambamo mkulima wa Rufiji hukaa msimu mzima akilinda mpunga wake dhidi ya ndege, nguruwe na viboko.) Zahanati iko mbali, njia ina maji. Mtoto akipona, hakuna aliyeandika. Akifa, anazikwa, na hapo pia hakuna aliyeandika. Rejesta ya hospitali inamwandika aliyefika tu.

Hili linasikika dogo, lakini madhara yake ni makubwa. Mpangaji wa wilaya anayetegemea rejesta anaona magonjwa ya watu walioishi karibu na barabara, waliokuwa na nauli, na waliougua polepole kiasi cha kuwahi kufika. Ugonjwa unaoua haraka, au unaoua walio mbali, kwenye karatasi unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kwamba nchi maskini zingeweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, takriban dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, kama zingetumika kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Wazo zuri, ila lina shimo katikati: utajuaje yapi yanaua zaidi, ikiwa wengi hawafii hospitalini? Hapo ndipo ulipoanzishwa mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wilaya mbili zilichaguliwa, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu wapatao 700,000 kwa pamoja.

Morogoro kazi ya kuhesabu vifo ilishaanza tangu 1992 chini ya mradi mwingine. Rufiji ilianza na sensa mwishoni mwa 1998. Wahojaji waliingia kaya kwa kaya katika vijiji thelathini na zaidi, eneo lenye watu kama 85,000, kisha wakawa wanarudi kwenye nyumba zilezile mara tatu kwa mwaka. Nani kazaliwa? Nani kahamia, nani kahama? Nani kafariki? Ni kazi ya kuchosha, na ukiniuliza mimi, ndiyo sehemu ya sayansi inayosahaulika kuliko zote: mtu mwenye daftari akipiga hodi.

Palipotokea msiba, baada ya kuacha muda wa maombolezo, mhojaji mwenye mafunzo alikwenda kuzungumza na aliyemuuguza marehemu. Homa ilianza lini? Alikuwa anakohoa? Alipumua kwa shida? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza, na baadaye wapi? Fomu ile ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akaandika anachodhani ndicho kilichoua. Wakitofautiana, anaitwa wa tatu. Namna hii ya kutafuta chanzo cha kifo kwa mahojiano ina udhaifu wake, nitaufikia. Lakini ona ilichofanya: aliyefia kwenye dungu na aliyefia wodini wakahesabiwa sawa.

Kilichoonekana kilikuwa cha aibu kidogo kwa waliokuwa wanapanga bajeti. Mfano unaotajwa sana ni wa Morogoro: malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, huku ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Kifua kikuu, ambacho kilibeba chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Hakuna aliyeiba, na sidhani kama kulikuwa na uzembe wa ajabu. Watu walipanga kwa kutazama karatasi walizokuwa nazo, pamoja na mazoea ya mwaka uliopita na matakwa ya wafadhili.

Sasa nikupe sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini.

Kama umesoma vitabu vya zamani vya afya ya jamii, au hata makala nyingi za leo, utakutana na maelezo haya ya kwa nini watoto wa vijijini hufa kwa malaria: wazazi wao huanza kwa mganga wa kienyeji, wanachelewa, wakifika hospitali mambo yameshaharibika. Ukifuatilia waliosema hivyo walikuwa wamekaa wapi, mara nyingi walikuwa wamekaa hospitalini. Muuguzi anamwona mama kafika na mtoto aliyezidiwa, ana chale au hirizi, na anahitimisha. Ushahidi wa macho yake ni wa kweli kabisa. Lakini hajawaona waliofika zahanati mapema, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani, na mtoto akafa siku ya pili.

Watafiti wa Rufiji walikuwa nao, kwa sababu walikwenda kuuliza nyumbani. Matokeo yao kuhusu vifo vya malaria vya kati ya 1999 na 2001 yalichapishwa mwaka 2004 katika Malaria Journal. Karibu wanane kati ya kila kumi waliokufa kwa malaria, asilimia 78.7, walikuwa wamekimbilia matibabu ya kisasa kwanza kabisa. Hata pale ambapo mgonjwa alikuwa na degedege, hali ambayo watu wengi wa pwani huihusisha na mashetani na ambayo ungetegemea impeleke mtu moja kwa moja kwa mganga, wengi sana walitumia matibabu ya kisasa.

Rudia kusoma hapo. Wengi wa akina mama waliokuwa wanasemwa kwamba "hawana elimu" walifanya kile walichoambiwa wafanye. Walikwenda. Na walichopewa hakikufanya kazi ya kutosha. Katika miaka ile dawa ya kwanza ya malaria Tanzania ilikuwa bado klorokwini, na vimelea vilikuwa vimeshaizoea kwa kiwango kikubwa. Serikali iliibadilisha kwa SP mwezi Agosti 2001, na baadaye, kuanzia mwishoni mwa 2006, ikaja dawa mseto. Kwa hiyo ukiandika leo kwamba watoto wa Rufiji walikufa kwa sababu ya imani za wazazi wao, ukanukuu daktari mzoefu wa hospitali, utakuwa umenukuu chanzo chenye heshima na bado umewabebesha wafiwa kosa lisilo lao.

Hapa usije ukasema "kumbe basi, mahojiano ya nyumbani ndiyo ukweli, tuachane na hospitali". Ngoja kwanza.

Mama akimwambia mhojaji kwamba mtoto alichemka mwili siku tatu, akapumua haraka, akapata degedege, daktari anayesoma ile fomu ana kazi ngumu. Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa nimonia. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mahojiano hufanya vizuri kwa vifo vyenye sura yake, kama ajali, surua au pepopunda ya mtoto mchanga. Kwa homa, hayana macho ya kuona ndani ya damu. Na lugha nayo ina lake: "degedege" kwa mama ni jina la ugonjwa kamili, wenye chanzo na tiba yake, wakati kwa daktari ni dalili moja tu kati ya nyingi. Mfasiri asiyejua hilo ataandika neno moja badala ya jingine na hesabu itakwenda upande.

Kwenye zahanati kwenyewe, kabla kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakijasambaa, neno "malaria" kwenye rejesta mara nyingi lilimaanisha "homa". Basi. Mtu kaja na joto, kaandikiwa malaria, kapewa dawa. Utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliwapima damu wagonjwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wanatibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea kweli walikuwa chini ya nusu, asilimia 46. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine ambao pengine haukuwa unatibiwa. Kwa hiyo ukikuta grafu ya wagonjwa wa malaria inayoshuka vizuri kuanzia miaka ya 2000 hadi 2015, jiulize kabla hujashangilia: ni malaria iliyopungua, au ni homa iliyoacha kuitwa malaria baada ya kipimo kuja? Mara nyingi ni yote mawili, na mwandishi mwaminifu anasema hivyo.

Naona tabia mbili kwa wanafunzi wenzangu. Wapo wanaodhani chanzo kizuri ni kile chenye kiingereza kigumu. Na wapo, hasa miaka ya karibuni, wanaodhani chanzo kizuri ni mtu aliyepitia mwenyewe. Hawa wa pili nawaelewa, ushuhuda una nguvu. Lakini kumbuka kikombe cha Babu, Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa dawa kwa shilingi 500 kikombe pale Samunge, na foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita. Ushuhuda ulijaa redioni: fulani kapona kisukari, fulani kapona UKIMWI. Rejesta ya hospitali inamwacha aliyefia nyumbani. Ushuhuda wa kikombe ulimwacha aliyekunywa, akaacha dawa zake, akafa miezi kadhaa baadaye. Huyo hakurudi redioni. Wapo pia waliofia kwenye foleni yenyewe.

Tuirudie Rufiji, maana hadithi yake ilipata umaarufu, na umaarufu ni mtihani mwingine kwa chanzo. Agosti 2002 jarida la The Economist liliandika kwamba kwa kuongeza fedha kidogo tu, senti 80 za dola kwa kila mtu, na kwa kupanga kwa kufuata takwimu, wilaya hizi zilipata matokeo makubwa: Rufiji vifo vya watoto wachanga vilishuka kwa asilimia 28 kati ya 1999 na 2000, na vya walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 14. Habari ikazunguka dunia nzima. Ukitafuta leo utaikuta imenakiliwa na mashirika, wahubiri wa "data", hata vitabu vya utawala.

Mimi naipenda hadithi hii, na ndiyo maana nakushauri uiangalie kwa jicho kali. Mwaka mmoja dhidi ya mwaka mmoja unaofuata ni kitu chepesi. Mvua zikiwa kidogo, mbu hupungua. Surua isipopita mwaka huo, watoto hubaki. Mwaka wa kwanza wa kuhesabu mara nyingi una kasoro zake, kwa kuwa wahojaji ndio wanajifunza kazi. Ushahidi wenye uzito zaidi ulikuja baadaye, mfululizo wa miaka kadhaa ulipoonyesha kupungua kwa zaidi ya asilimia 40 kwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano. Hapo ndipo pa kuaminiwa kwamba kitu kweli kilibadilika.

Nini kilichobadilisha? Hapo pia taratibu. Katika miaka ileile vyandarua vyenye dawa vilikuwa vinasambaa, matone ya vitamini A yalikuwa yanatolewa, wahudumu walikuwa wanafundishwa namna mpya ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa kumwangalia mzima mzima badala ya dalili moja, na dawa ya malaria ilibadilishwa. Na Tanzania nzima ilikuwa inaboreka: uchambuzi uliotoka katika The Lancet mwaka 2008 ulikuta vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini vilishuka kwa asilimia 24 katika kipindi cha 2000 hadi 2004. Rufiji ilishuka zaidi, ndiyo. Ila ukiandika "takwimu ziliokoa watoto wa Rufiji" bila kutaja hayo mengine, umegeuza utafiti kuwa tangazo.

Unaweza kujiuliza, mbona nimekwenda kwenye malaria wakati dawa maarufu kuliko zote iliyowahi kutoka Rufiji ni nyingine kabisa? Nayo ina la kutufundisha kuhusu vyanzo, kwa hiyo nitaigusa.

Ngarambe, mwaka 1904 na 1905, Kinjikitile Ngwale alitoa maji. Kila mwanafunzi wa Tanzania anajua yalikuwa ya nini: kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo inaanza. Lakini nani aliyeandika kwanza kwamba maji yalikuwa dawa ya vita? Mmojawapo wa walioieneza simulizi hiyo ni gavana Gustav Adolf von Götzen, katika kitabu alichochapisha mwaka 1909. Gavana ambaye koloni lake limewaka moto ana sababu nzuri ya kuwaambia wakubwa wake kwamba ni waganga waliowadanganya watu, kuliko kuzungumzia pamba ya kulazimishwa na kodi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri amesisitiza kwamba maji yalihusiana pia na njaa, na rutuba, na kulinda mashamba dhidi ya wanyama waharibifu kama nguruwe pori, yaani mambo yaleyale ambayo mkulima anakaa kwenye dungu kuyapigania.

Basi tuwaulize wazee? Ndivyo alivyofanya G. C. K. Gwassa miaka ya 1960, na kazi yake, pamoja na John Iliffe, ilichapishwa mwaka 1968. Ni hazina. Ila ilikuja miaka sitini baada ya tukio. Na mwaka 1969 ukatoka mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein, Kinjikitile, ukasomwa shuleni na kizazi baada ya kizazi. Ukienda Ngarambe leo na kinasa sauti, anayekujibu anaweza kuwa anakusimulia alichosikia kwa babu, au alichosoma kidato cha tatu, na pengine mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Utaandika "vyanzo vitatu vinakubaliana", kumbe ni chanzo kimoja kimepita njia tatu.

Hiki ndicho kinachotokea kila siku kwenye habari za afya mtandaoni. Tovuti kumi zina asilimia ileile, neno kwa neno. Unahisi umethibitisha mara kumi. Fuata mnyororo hadi mwisho na mara nyingi utakuta utafiti mmoja, wa watu wachache, au taarifa kwa vyombo vya habari iliyotoka kabla utafiti wenyewe haujachapishwa. Kazi ya kufuata mnyororo huo inachosha, lakini kwa kawaida haizidi saa moja: fungua makala asili, soma sehemu ya mbinu kabla ya matokeo, tafuta ni nani aliyehesabiwa na nani hakufikiwa, angalia miaka ya kukusanya takwimu, maana huwa ni tofauti na mwaka wa kuchapishwa.

Na angalia mipaka ya mahali. Hili ni dogo lakini limewaponza wengi. Katika tafiti za miaka ya 2000, "Wilaya ya Rufiji" ni eneo lote, kuanzia Bungu na Mchukwi hadi Utete na Mohoro, pamoja na visiwa vya delta. Katikati ya miaka ya 2010 Kibiti ilimegwa ikawa wilaya yake, na delta ikaenda huko. Vijiji vilivyokuwa vinatembelewa na wale wahojaji tangu 1998 sasa viko pande zote mbili za mpaka huo. Ukichukua kiwango cha vifo cha Rufiji cha mwaka 2002 ukakilinganisha na cha Rufiji ya leo, utapata tofauti, na utakuwa na hamu ya kuieleza kwa chandarua au kwa dawa mseto. Kabla hujafanya hivyo, chukua ramani mbili, ya zamani na ya sasa, uziweke pamoja mezani.